Waliosimama Ukingoni

Leso ile!

Tulimwacha Mwanasha amekwama topeni ukingoni mwa mto Ramisi, mkono u kifuani, macho yamemtoka. Mwanamke aliyekuwa akipigana na maji mbele yake alikuwa amejifunga leso nyekundu yenye michoro ya korosho, na leso ile Mwanasha aliijua. Aliiona kwa macho yake ndani ya sanduku la mumewe, bado ina harufu ya dukani. Akangoja aletewe. Akangoja mchana, akangoja usiku, akawa hata akijichelewesha kulala makusudi. Haikuja.

Sasa ilikuwa imekuja, kiunoni mwa mwingine.

"Ndiye," Mwanasha alisema moyoni. "Ndiye Mbodze wa Taru."

Kama ndiyo kwanza unalishika gazeti hili, msomaji, jua jambo moja tu: Waziri, mume wa Mwanasha, ni dereva wa lori la sukari, na safari zake za Taru zilikuwa zimezidi mno ile sukari iliyopelekwa. Habari za kumposa Mbodze zilimfikia Mwanasha kisimani, kutoka kwa wanawake waliojifanya wanamwonea huruma.

Masika ya mwaka ule, masika ya kwanza tangu tupandishe bendera yetu, yalinyesha bila kupumua. Mto ulikuwa umefura, rangi yake kama chai ya maziwa, ukishuka na mabua ya miwa na matawi mazima. Ulalo wa magogo ya minazi ambao watu walikuwa wakivukia ulikuwa umebinuka na kwenda zake. Mbodze alikuwa amelidaka tawi la mkuyu lililoinamia maji, amelikumbatia kwa mikono miwili, na kila wimbi lilipopita lilimfunika kichwa.

Na watu walikuwapo! Usidhani hapakuwa na watu. Ilikuwa alasiri, Ijumaa, wakata miwa wametoka kazini, wanawake wametoka sokoni, wote walikuwa wakingoja zamu ya kuvuka. Ukingo ulijaa.

"Jamani, yule atakufa!" Mishi, muuza mahamri, alipiga kelele.

"Atakufa kweli," mtu akamjibu.

"Basi mtu aingie!"

"Ndiyo, aingie mtu!"

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Walikuwa kama wageni walioketishwa mbele ya sinia, kila mtu ana njaa, na kila mtu anangoja mwingine amege tonge la kwanza.

Tsuma, fundi wa baiskeli, alivua shati. Watu wakampisha. Akasogea mpaka maji yakamlamba vidole, akageuka nyuma, akaona hakuna aliyemfuata. Akasimama.

"Vipi, Tsuma?" Mishi akamwuliza.

"Natazama mkondo."

"Unautazama nini? Mkondo ndio huo!"

"Mbona hawa vijana wa miwa hawaingii? Wao mto huu wanaujua. Kama wao wametulia, pana jambo."

Vijana wa miwa nao walikuwa wametulia kwa sababu walimwona Tsuma ametulia.

Abdurahman mwenye duka, kanzu yake nyeupe ameishika juu isiguse tope, alitikisa kichwa. "Mimi ningeingia, wallahi. Lakini yule ni mwanamke, wala si maharimu wangu. Nitamshika wapi?"

"Mshike mkono, Abdurahman!"

"Watu mtasemaje kesho?"

Hapo alijitokeza Chome, kijana wa chama, beji kifuani, akainua mikono yake miwili kama aliye jukwaani. "Rudini nyuma! Rudini nyuma nyote! Nimeshatuma mtu Msambweni. Sasa tuna serikali yetu wenyewe, si ile ya jana. Watakuja na boti."

Mashavu ya watu yakalegea. Serikali inakuja! Hata wale waliokuwa wamekunja mikono ya mashati wakaikunjua.

Sauti moja nyuma ikauliza, "Lakini hawakuwa wawili ulaloni?"

"Mwingine keshavuka," mwingine akajibu.

"Ulimwona?"

"Si lazima atakuwa amevuka?"

Ikaishia hapo.

Mwanasha aliyasikia yote hayo na hakusema kitu. Yeye hakuwa na haja ya kuuchunguza mkondo. Baba yake alikuwa mzamia majongoo ya bahari wa Gazi, akamtia mtoni na baharini kabla hajajua kusuka ukili. Alishauona mkondo ulivyo: unapiga ukingo wa huku, unazunguka, unarudi kwenye mkuyu. Mtu akiingilia juu, penye mawe ya kufulia, maji yenyewe yangemleta mpaka penye lile tawi. Lilikuwa jambo la pumzi chache.

Hakuenda.

Alikuwa akiitazama leso. Maji yaliivuta, yakaitanua, korosho nyekundu zikawa zinacheza juu ya mto kama ziko arusini. Akamwona Waziri akiichagua dukani, akiikunjua, akiinusa, na kumwambia mwenye duka, "Nifungie hiyo." Akajiuliza ni lini Waziri alimchagulia yeye kitu kwa mkono wake. Akamwona Mbodze ndani ya nyumba yake, anakaa juu ya kiti chake cha mbuzi, anakuna nazi yake. Akaziona zamu: usiku huu wako, usiku huu wangu. Akajiona amelala macho wazi, akisikiliza kicheko upande wa pili wa ukuta.

Tawi likalia: kaa!

"Yallah!" umati ukaguta.

Na moyo wa Mwanasha, Mungu amsitiri, ukaruka kwa furaha.

Furaha ile ilimtisha. Akaifunika upesi. Kwani mimi nimemsukuma? Ni mto. Kwani mimi ndiye peke yangu hapa? Wanaume hao wamejaa, wana vifua kama milango, wamesimama. Abdurahman anayeadhini amesimama. Chome wa serikali amesimama. Mimi mwanamke ni nani hata niwapite? Akajisogeza kidogo nyuma ya bega pana la Mishi. Wivu wake ulikuwa umepata maficho mazuri kuliko chumba chenye kitasa: ulijificha katikati ya watu.

Mbodze akaibuka, akatema maji, akayapitisha macho yake kwenye ule ukingo, uso mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta mwenyeji ugenini.

Halafu ikaja sauti.

"Mwanashaaa!"

Ilitoka mtoni, imekwaruzwa na maji, haina nguvu. Lakini kila mtu aliisikia.

"Mwanasha! Mwanasha we!"

Kisha vichwa vikageuka kama vimevutwa na kamba moja.

"Mwanasha si wewe?" Mishi akamkabili.

"Anamjua! Kumbe ni jamaa yake!"

"Mwenyewe yupo hapa, na sisi tunahangaika!"

"Mpisheni mwenyewe! Mpisheni!"

Wakampisha. Wallahi, hawajapata kumpisha mtu kwa radhi vile. Punde Mwanasha alikuwa amesimama peke yake mbele ya maji, nyuma yake nafasi tupu, na macho yote mgongoni. Bega la Mishi halikuwapo tena.

Na unafikiri alilolisema moyoni lilikuwa la huruma? Hata kidogo. Alisema: amelijuaje jina langu? Nani amempa? Akamwona Waziri kitandani kule Taru, mikono chini ya kisogo, akilitaja jina lake mbele ya yule, labda akicheka. Damu ikampanda mpaka masikioni.

"Hufi wewe," alisema kwa meno. "Hufi kabla hujaniambia alikwambia nini juu yangu."

Akaivua leso ya kichwani, akajifunga ile ya kiunoni kibwebwe, akakimbilia penye mawe ya kufulia. Hapo akageuka.

"Tsuma! Wewe Tsuma, nakwambia wewe! Leta mipira yote iliyo kwenye baiskeli yako, uifunge mmoja kwa mwingine!"

Tsuma akashtuka kama aliyeamshwa. Akakimbia.

"Abdurahman! Kilemba!"

"Kilemba changu?"

"Hicho hicho! Kisokote, ukiunge na mipira ya Tsuma. Mishi, kusanya leso za kina mama! Chome, acha kupunga mikono, shika ncha hii uizungushe kwenye mnazi. Nyinyi wawili wa miwa, mwenye shati la bluu na mwenzako, shikeni nyuma yake. Nikiinua mkono, vuteni!"

Ajabu, kila aliyetajwa akaenda. Hapana aliyeuliza kwa nini yeye, hapana aliyeikumbuka boti ya Msambweni. Tsuma alifunga mafundo huku analia. Abdurahman aliiachia kanzu ikaburuzika topeni na hakuitazama.

Mwanasha akajifunga ncha ya ile kamba ya viraka kwapani, akaingia.

Maji yalimpokea kwa kofi. Yakampeleka ukingo wa huku, yakamzungusha, kama alivyojua. Bua la muwa likamchana shavu. Akaufikia mkuyu na tawi likavunjika wakati uo huo, akaidaka ile leso nyekundu yenyewe, akaivuta, na Mbodze akaja nayo.

"Usinikabe! Legea! Legea, nakwambia, nitakuacha!"

Mbodze akalegea. Mwanasha akamshika chini ya kidevu, akainua mkono.

"Vuteni!" Mishi alilia.

Wakavuta. Wakavuta mpaka wakaangukiana. Walipowatoa topeni, ukingo mzima ulilipuka kwa vigelegele, na wale waliokuwa mbali kabisa na kamba ndio waliopiga vigelegele vikubwa zaidi.

Mbodze alilazwa kifudifudi, akatapika maji, akakohoa mpaka akapata pumzi. Alikuwa mdogo kuliko Mwanasha alivyodhani. Alikuwa mzuri pia, hata katika hali ile, nywele zimelowa, midomo imegeuka rangi. Mwanasha akaona kwamba ni mzuri, na ikamwuma upya.

Akamwinamia. "Haya. Umeniita, nimekuja. Sasa niambie, jina langu umelipata wapi?"

Mbodze akafumbua macho.

"Wewe ndiye uliyekuwa kimya," alisema polepole.

"Nini?"

"Kule juu. Wote walikuwa wanapiga kelele. Wewe ulikuwa nyuma ya mama mmoja mnene, kimya. Ulikuwa unanitazama hapa." Akajigusa kiunoni. "Nikasema, yule ananijua, na anataka nife."

Mwanasha akageuka kuona kama kuna aliyesikia. Watu walikuwa wanapongezana.

"Nyamaza," alinong'ona. "Ungenidhani nataka ufe, usingeniita."

"Sikukuita mimi."

"Umeniita mara mbili! Watu wote wamesikia!"

"Dada, mimi jina lako sikulijua. Bwana Waziri anasema 'mke wangu' tu, hakutaji." Mbodze akajaribu kuketi, akashindwa, akamshika mkono. Ghafla macho yake yakajaa hofu kuliko yalivyokuwa majini. "Yule mama yuko wapi?"

"Mama gani?"

"Tulikuwa wawili ulaloni. Mmemtoa? Niambie mmemtoa!"

"Mama gani, Mbodze?"

"Bi Mwanaima."

Msomaji, Bi Mwanaima ni mama yake Mwanasha.

Alikuwa akikaa ng'ambo kwa kaka yake tangu afiwe na mume. Posa ile aliisikia kama kila mtu, lakini yeye hakulia kisimani. Alimwita Mbodze kwake, akamlaza siku mbili, akamtazama tabia, kisha akamwambia maneno ambayo Mbodze sasa aliyasema huku akitetemeka: "Ukitaka kuingia kwa mwanangu, hutaingia kwa uchochoro. Nitakupeleka mwenyewe, mkono kwa mkono, mlango wa mbele, mzungumze macho kwa macho. Na akikukataa, utarudi kwenu." Ndiyo safari iliyowapandisha ulaloni.

"Ulipobinuka alinisukumia kwenye tawi," Mbodze alisema. "Yeye akanasa kwenye gogo juu kidogo, halafu gogo likang'oka naye. Yeye ndiye aliyekuwa akiita, dada. Alikuwa anapita nyuma ya yale mabua, upande wa pili, anaita Mwanasha, Mwanasha. Na nyote mlikuwa mnanitazama mimi."

Mwanasha hakupiga yowe. Aliinuka tu akaanza kukimbia.

Alikimbia kuufuata mto, miba ikimrarua miguu, na kichwani mwake alikuwa na jambo moja: muda. Muda wote ule aliosimama nyuma ya Mishi akizihesabu korosho za leso, mama yake alikuwa juu tu ya mto, anakuja. Angaliingia mara alipofika, angalikuwa majini mama yake alipopita. Angalimkuta mkononi mwake. Sauti ya mama yake mwenyewe! Aliisikia, akaifanya sauti ya mke mwenza.

Nyuma yake umati ulimfuata. Safari hii hapakuwa na wa kuwahimiza. Tsuma alikuwa mbele na kamba begani, na hata Mbodze alikuja, ameegemezwa na vijana wawili wa miwa.

Penye kona, mahali barabara ya malori inapokaribia mto, Mwanasha akasimama ghafla.

Lori la Waziri lilikuwa limeegeshwa kando, limeinuliwa kwa jeki, gurudumu bovu limelala majanini. Chini yake kidogo, kwenye nyasi, Waziri alikuwa ameketi, nguo zimemgandama, kiatu kimoja hana. Amempakata Bi Mwanaima.

"Mama!"

Bi Mwanaima alikuwa anapumua. Kwa shida, kwa kukoroma, lakini alikuwa anapumua. Mwanasha akaanguka kwa magoti, akaukamata mkono wa mama yake, akaubusu, akaupaka machozi na tope.

"Umemtoaje?" Tsuma alimwuliza Waziri, anahema. "Nawe si mtu wa maji!"

"Sijui."

"Nani alikusaidia?"

Waziri akamtazama kama aliyesikia swali la kipumbavu. "Palikuwa na nani hapa? Nilikuwa peke yangu. Nilimwona anakuja, nikatazama huku na huku, hapana mtu. Ningefanyaje? Nikaingia."

Abdurahman aliinama akaanza kujikung'uta kanzu iliyokuwa haikung'utiki. Chome akaifunika beji yake kwa kiganja, labda bila kujua.

Kisha Waziri akainua macho. Yakampita Mwanasha. Yakampita mkewe aliyechanika shavu, yakamtafuta Mbodze nyuma ya watu, yakampata, yakatulia. Ndipo yakarudi.

Mwanasha aliyaona yalivyokwenda na yalivyorudi. Hata pale, mkono wa mama yake mkononi mwake, wivu ule uliamka tena, wa moto, mbichi kabisa.

"Mwanangu," Bi Mwanaima alinong'ona. "Nilikuita."

"Nilisikia, mama."

"Ulisikia?"

"Nilisikia, lakini nilidhani..." Akakatiza. Alidhani nini? Angemalizaje maneno yale mbele ya watu wote hawa?

Waziri akamlaza mkwewe taratibu kwenye nyasi, akainuka.

"Kelele zenu nimezisikia tangu naanza kufungua gurudumu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimelitoa lile, nimelitia jingine, nimekaza nati. Kelele hazikukoma. Nikasema kuna ngoma kule juu. Muda wote huo mlikuwa mnafanya nini?"

"Bwana Waziri," Chome alianza, "tulishatuma mtu Msambweni..."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza mke wangu." Akamgeukia. "Hapa hapana mtu mzima anayeyaweza maji kukushinda. Niambie, Mwanasha. Ulikuwapo tangu mwanzo, au ulifika mwisho?"

Mwanasha aliukaza mkono wa mama yake.

"Alifika mwisho!" Mishi akadakia, upesi mno. "Alifika sasa hivi tu, maskini. Hata pumzi hakupata, akajitupa. Si ndiyo, jamani?"

"Ndiyo, mwisho," Abdurahman akasema, hatazami mtu.

"Mwisho kabisa," akasema Tsuma.

"Sote tumeona," akamalizia Chome.

Walikuwa wanamwokoa sasa, wote kwa pamoja, na walijua kwamba wanajiokoa na wao wenyewe. Mwanasha alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo sana. Anyamaze. Alikuwa hodari wa kunyamaza. Akafumba macho, akangoja jambo lipite.

"Bwana Waziri."

Ilikuwa sauti ya Mbodze. Alikuwa amewasukuma wale vijana waliomshika, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, leso nyekundu inamchuruzika maji mpaka kwenye vifundo. Hakumtazama Waziri. Alimtazama Mwanasha.

"Hawa walikuwa wananitazama mimi," alisema. "Na mimi, majini mle, nilikuwa nawatazama wao, mmoja mmoja. Hapana uso niliousahau. Waache hao. Niulize mimi."

(Itaendelea)